UZI: Kabla hujasoma jina la mahali kwenye karatasi ya babu, soma kwanza mwaka (Kivu ya zamani, distrikti, zone, sheferi)

Mtoto_wa_Birere (mleta uzi), Goma

Bandugu wote hamjambo. Nafungua huu uzi ju naona watu wanazidi kugombana kwenye familia kwa sababu ya karatasi za wazee, na mara nyingi karatasi haina shida yoyote, shida ni sisi tunasoma jina la mahali kama vile limeandikwa jana.

Natoa mfano wa kwetu. Babu mzaa baba ameacha karte moja ya ubatizo, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo wino umeisha, na kwenye ile sehemu ya kuzaliwa wameandika kwa mkono "né vers 1938" (alizaliwa karibu na 1938), chini yake "Territoire de Rutshuru", na chini kabisa "Prov. de Costermansville". Basi baba mkubwa akashika hiyo Costermansville, akasema unaona, mzee alizaliwa Bukavu, kwa hiyo sisi ni watu wa Bukavu, na lile shamba la Jomba, kule Rutshuru, tulipewa tu. Shangazi naye hataki kusikia, yeye anasema mzee hakuwahi hata kulala Bukavu. Watu wazima wameacha kusalimiana kwa ajili ya mstari mmoja.

Na jibu liko hapo hapo kwenye karte. Mwaka 1933 Wabelgiji walipanga upya koloni lote la Congo wakalikata majimbo 6, na kila jimbo wakalipa jina la mji wake mkubwa: Léopoldville, Stanleyville, Elisabethville, Lusambo, Coquilhatville, na Costermansville. Jimbo la Costermansville lilikuwa Kivu nzima pamoja na Maniema! Tokea Beni mpaka Fizi, tokea Goma mpaka Kindu na Kasongo, wote hao walikuwa "Prov. de Costermansville". Jina hilo lilikaa mpaka 1947, hapo wakalibadilisha jimbo likaitwa Kivu. Kwa hiyo mtu wa 1938 aliyezaliwa Jomba ataandikwa Rutshuru, Costermansville, na hapo hakuna cha Bukavu ndani. Mji wa Bukavu nao ulikuwa na jina hilo hilo la Costermansville, njo maana watu wanachanganyikiwa, mji na jimbo jina moja. Mji wenyewe ulirudishiwa jina lake la Bukavu baadaye, kwenye miaka ya 1950.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja tu: shika kwanza mwaka wa karatasi, halafu ndio usome mahali. Jina linaweza kubaki lile lile na mipaka yake ikawa imehama, au mahali pakabaki pale pale na jina likabadilika mara tatu nne. Wenye karatasi leteni mistari yake hapa (msiweke majina ya watu, mstari wa mahali na mwaka unatosha) tusaidiane.

---

Mama_Nyawera, Bukavu

Aksanti sana mwanangu kwa huu uzi. Mimi ilinipata mbaya zaidi. Nilipeleka atestasio ya marehemu baba yangu kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikitafuta kopi ya kuthibitisha, yule kijana wa gishe akaangalia akasema mama hii ni ya uongo, jimbo la namna hii halipo Congo. Nikamwambia mwanangu hii karatasi ina umri kuliko mama yako. Akanirudisha nyumbani na karatasi yangu, akaniambia nikafanye nyingine yenye "majina ya kweli". Baba yangu alizaliwa Ngweshe 1941, imeandikwa Territoire de Kabare, Costermansville. Na leo Ngweshe iko Walungu. Kwa hiyo yule kijana aliona makosa mawili, jimbo na teritware (territoire, sehemu ya jimbo), na mimi sikuwa na maneno ya kumjibu.

---

Mtoto_wa_Birere

Mama pole sana, na hapo hakuna kosa hata moja. Teritware ya Kabare ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko hii ya leo, ilichukua Bushi, nchi ya Washi, karibu yote. Leo Walungu ni teritware yake, ndani yake kuna sheferi (eneo la mwami, chifu wa desturi) mbili, Ngweshe na Kaziba, na Kabare imebaki na sheferi ya Kabare na ya Nindja. Kwa hiyo mtu wa Ngweshe kuandikwa Kabare mwaka 1941 ni sawa kabisa.

Ushauri wangu mama, na wenye kazi za ofisi watanisaidia: usikubali mtu akubadilishie jina la mahali kwenye kopi. Jina la zamani libaki vile lilivyo kwenye karatasi, halafu pembeni waandike "leo hii teritware ya Walungu, Kivu ya Kusini". Ukibadilisha kabisa, kesho wajukuu watakuta karatasi mbili za mtu mmoja zenye mahali pawili, na hapo njo matatizo ya urithi yanaanza.

---

Kaka_wa_Kamalondo, Lubumbashi

Huku kwetu ni yale yale tu! Karatasi za wazee wa Katanga ukikuta Elisabethville usikimbilie kusema ni Lubumbashi mjini. Kati ya 1933 na 1947 jimbo zima liliitwa Elisabethville, mtu wa Kasenga, mtu wa Sandoa, mtu wa Manono, wote hao. Mji wenyewe ulikuja kuitwa Lubumbashi 1966, mwaka ule ule Léopoldville ikawa Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani. Halafu Albertville ni Kalemie, Jadotville ni Likasi, Baudouinville ni Moba. Hiyo ya Baudouinville inasumbua sana familia za Tanganyika ju vijana hawajawahi hata kuisikia.

Na kuna shimo lingine: miaka ya 1962 mpaka 1966 Katanga ilikatwa vipande, kukawa na Nord-Katanga, Lualaba na Katanga-Oriental. Mjomba wangu ana cheti cha shule kimeandikwa "Province du Katanga-Oriental", watu wanamuuliza hiyo ni nchi gani. Baadaye ikaunganishwa, halafu tena tokea 1971 mpaka 1997 ikaitwa Shaba. Kwa hiyo mtu mmoja aliyezaliwa 1940 Kasenga, akasoma 1964, akachukua karte 1978, akaozesha binti 1999, ana majina manne ya jimbo na hajawahi kuhama nyumba yake. Na watoto wake leo wako Haut-Katanga, ju 2015 wamekata tena vinne.

---

Mtoto_wa_Birere

Kaka umesema vizuri sana, na nafurahi umeleta ile miaka ya 1962, ju hata Kivu ilikatwa wakati ule, ikawa Nord-Kivu, Kivu-Central na Maniema, halafu 1966 ikarudi kuwa Kivu moja. Watu wengi hapa Goma wanafikiri Nord-Kivu ilizaliwa 1988. Ile ya 1988 ndiyo iliyobaki mpaka leo, ndiyo, walikata Kivu ikatoa Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema, lakini ukikuta cheti cha 1964 kimeandikwa "Province du Nord-Kivu" usiseme ni cha bandia. Na kati ya hapo, miaka ya Mobutu, Nord-Kivu ilikuwa surejioni ndani ya rejioni ya Kivu. Jina moja, ngazi tofauti.

Hapo kwenye ngazi njo nataka kukaa kidogo, maana karatasi nyingi zilizobaki kwenye masanduku ya watu ni za wakati wa Zaire.

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 walibadilisha maneno yote ya utawala. Jimbo likawa rejioni. Distrikti ikawa surejioni. Teritware ikawa zone. Sheferi na sekta zote zikaingizwa kwenye neno moja, kolektivite. Mkubwa wa teritware akawa komisere wa zone. Na mjini pia, komini nazo ziliitwa zone! Kwa hiyo ukiona "Zone de Kadutu" hiyo ni komini ya Bukavu, ukiona "Zone de Masisi" hiyo ni teritware nzima yenye milima na misitu. Neno ni lile lile, na kama hujui mahali penyewe huwezi kujua unasoma kuhusu mji au kijiji. Maneno ya zamani yalirudi baada ya 1997, na ile dekre-lwa (amri yenye nguvu ya sheria) ya Julai 1998 ikayaweka rasmi tena, jimbo, teritware, sheferi, sekta.

Kitu kingine cha wakati ule ambacho si cha mahali lakini kinaenda pamoja: mwaka 1972 majina ya Kikristo yaliondolewa kwenye karatasi. Kwa hiyo babu Yozefu wa karte ya 1950 na mzee fulani asiye na Yozefu kwenye karte ya 1976 anaweza kuwa mtu mmoja. Ukitafuta kwa jina la ubatizo kwenye buku za zone hutampata. Tafuta kwa jina la nyumbani, na jina la baba yake, na grupema (vijiji kadhaa pamoja ndani ya sheferi au sekta).

---

Mwalimu_Kiwanja

Naomba niongezee hapo kwenye grupema, ju nafundisha jiografia na naona wanafunzi hawajui hata kwao.

Ngazi za kijijini ndizo zilizodumu kuliko zote. Majimbo yanakatwa, teritware zinagawanyika, lakini sheferi na grupema nyingi ziko vile vile au karibu. Kwetu Rutshuru kuna sheferi mbili, Bwisha na Bwito. Bwisha ina grupema saba: Jomba, Gisigari, Busanza, Bweza, Rugari, Bukoma na Binza. Ukimuuliza mzee yeyote atakutajia akiwa amefumba macho. Nyiragongo nayo ina sheferi moja tu, Bukumu, na grupema zake ni Munigi, Kibati, Kibumba, Buhumba, Mudja, Rusayo na Buvira. Masisi ziko sheferi ya Bahunde na ya Bashali, halafu sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ni sekta tupu, Bakano na Wanianga.

Tofauti ya sheferi na sekta watu wanaiuliza sana. Sheferi ni eneo la mwami mmoja kwa desturi, ukoo unarithishana. Sekta ilitengenezwa na wakoloni kwa kukusanya sheferi ndogo ndogo ambazo waliziona hazitoshi kusimama zenyewe. Dekre moja kubwa ya sheferi ni ya Mei 1910, halafu ile ya Desemba 1933 njo iliweka sekta kwenye sheria. Kwa hiyo karatasi ya 1925 ikisema "secteur" inaweza kuwa na maana nyingine. Ukiona hivyo ulizia vizuri imeandikwa lini kweli.

---

Kivu_Ndani

Mwalimu na mimi naomba unisaidie. Mama mkwe amezaliwa Kanyabayonga. Karatasi moja inasema Rutshuru, nyingine inasema Lubero. Nani alidanganya?

---

Mwalimu_Kiwanja

Hakuna aliyedanganya. Kanyabayonga iko mpakani. Upande wa Rutshuru kuna grupema inayoitwa Kanyabayonga, iko ndani ya sheferi ya Bwito. Na ile site yenyewe, pale sokoni kwenye barabara ya kwenda Butembo, inahesabiwa Lubero. Mtu anaweza kuzaliwa Lubero na kulima Rutshuru, anavuka tu mfereji. Uliza mama alizaliwa kijiji gani, na walikuwa wanalipa kodi kwa nani, kwa Bwito au kwa Batangi. Wazee hawasahau walimlipa nani.

---

Kivu_Ndani

Nimempigia sasa hivi, anasema "sisi ni ba Batangi". Basi Lubero. Mungu akubariki mwalimu, kwetu hili jambo lilikuwa limeleta maneno.

---

Mtoto_wa_Birere

Mwalimu hilo la kuuliza kodi lilipelekwa wapi ni swali la dhahabu, nitaliiba. Mzee anaweza asijue jimbo wala teritware lakini anajua mwami wake.

Na mfano mwingine wa mpaka ambao watu wa Goma tunausahau kila wiki: Minova. Tunaenda Minova kununua mihogo na ndizi, tunapita Sake, tunapita Bweremana, tunafika Minova, kila mtu anaona tuko kwetu. Bweremana ni Masisi, Kivu ya Kaskazini, kweli. Lakini Minova ni Kalehe, Kivu ya Kusini, sheferi ya Buhavu, grupema ya Buzi. Mtoto akizaliwa Minova, baba yake mtu wa Goma anaandikisha Goma, miaka ishirini baadaye mtoto anatafuta asili yake kwenye buku za Masisi na hayupo. Kalehe enyewe ina sheferi mbili, Buhavu na Buloho, na ukitafuta watu wa Minova uende kwenye Buhavu.

---

Mwana_Idjwi

Na sisi wa kisiwani mnatusahau 🙂 Idjwi iko na sheferi mbili, Ntambuka na Rubenga, kusini na kaskazini. Mimi nina swali lingine kabisa. Babu wa babu kwenye masimulizi ya nyumbani wanasema alikuwa "chini ya Wadachi" (Wajerumani) halafu bila kuhama akawa "chini ya Wabelgiji". Inawezekana kweli? Na kuna ramani nimeiona imeandika Kwidschwi, hiyo ni Idjwi?

---

Mtoto_wa_Birere

Inawezekana kabisa, tena Idjwi njo mfano mzuri kuliko wote. Kabla ya 1910 eneo la ziwa Kivu lilikuwa linagombewa na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza wa Uganda, kila mtu na kambi yake. Mkataba wa Brussels wa Mei 1910 njo uliweka mpaka wa ziwa unaojulikana leo, Idjwi ikaenda upande wa Congo. Halafu Septemba 1914 vita vilipoanza Wajerumani wakaiteka Idjwi tena, mpaka Wabelgiji walipoirudisha. Kwa hiyo babu yenu anaweza kuwa alipitia bendera hizo zote akiwa anavua samaki kwenye mwambao ule ule.

Na Kwidschwi ndiyo, ni maandishi ya Kijerumani ya Idjwi. Hii mambo ya tahajia inaua utafutaji wa watu wengi. Mwenye kuandika alikuwa anasikia kwa sikio lake: Mjerumani anaandika Kissenji, Mbelgiji anaandika Kisenyi, leo ni Gisenyi. Manyema na Maniema ni pamoja. Ukitafuta kwenye kompyuta andika jina kwa namna tatu nne, na usome kwa sauti, masikio yatalitambua kabla ya macho.

Kabla ya hapo kabisa, wakati wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, upande wetu huu uliitwa Ruzizi-Kivu, ukiwa chini ya wanajeshi, makao yake Uvira. Baada ya hapo, tokea 1912, ikawa distrikti ya Kivu, ikaja kuwa ndani ya Province Orientale, na mkubwa wa hiyo province akikaa mbali Stanleyville. Kwa hiyo karatasi ya 1922 inayosema "District du Kivu, Province Orientale" ni ya mtu wa kwetu hapa, si ya mtu wa Kisangani. Hilo nimeona linawapoteza hata watu waliosoma.

---

Msomaji_Himbi

Uzi mzuri sana. Ila mimi nataka mtu aseme wazi kuhusu Gishari, ju kila uzi wa historia unaishia kwenye matusi tukifika hapo.

---

Mtoto_wa_Birere

Nitasema yale yanayosaidia kusoma karatasi, na naomba tuheshimiane, watu wamekufa kwa ajili ya mambo haya na wengine wako kwenye kambi leo hii tunavyoandika.

Kuanzia 1937 serikali ya koloni ilileta familia kutoka Rwanda kuja kukaa milima ya Masisi, mpango wao waliuita Mission d'immigration des Banyarwanda. Wakawatengenezea eneo lao la utawala, sheferi ya Gishari, yenye chifu wao. Hiyo sheferi ilifutwa 1957, eneo likarudi chini ya machifu wa Wahunde. Basi. Kwa mwenye karatasi maana yake ni hii: ukiona "Chefferie Gishari" na mwaka wa 1945 au 1952, mahali hapo palikuwepo kisheria, na usipolikuta kwenye orodha ya sheferi za leo usiseme karatasi ni feki. Na karatasi ya 1960 ya mtu wa mlima ule ule haitasema Gishari, itataja sheferi nyingine. Kaka wawili tumbo moja wanaweza kuwa na sheferi mbili tofauti kwa sababu tu mmoja aliandikishwa kabla ya 1957 na mwingine baadaye.

Mimi naumia nikiona mtu anachukua tofauti ya namna hiyo anaifanya ushahidi kwamba jirani yake ni mgeni au ni mwongo. Karatasi inasema nani alikuwa anatawala siku ile, haisemi zaidi ya hapo. Mwenye kutaka mabishano mengine afungue uzi wake.

---

Msomaji_Himbi

Umejibu kiutu uzima, nashukuru.

---

Dada_Kadutu

Mimi nina karte ya mama mzazi wa mama, 1954, hakuna sheferi wala grupema. Imeandikwa "C.E.C." halafu Bukavu. Tumeuliza padri, tumeuliza mwanasheria, kila mtu anakisia.

---

Mwalimu_Kiwanja

C.E.C. ni centre extra-coutumier. Sheria yake ni ya Novemba 1931. Ni makao ya Waafrika waliotoka kwa machifu wao wakaja kufanya kazi mjini, walikuwa na utawala wao pembeni na mji wa wazungu, hawahesabiwi tena chini ya mwami. Kwa hiyo bibi yako aliandikishwa kama mtu wa mjini.

---

Mtoto_wa_Birere

Dada, na hapo njo pazuri: kama bibi alikuwa C.E.C., buku zake za kijijini zinaweza zisiwepo kabisa. Usihangaike kwenda sheferi kwanza. Anza na parokia ya mjini, vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya miaka ile. Kwenye ndoa mara nyingi padri aliandika wazazi wa bwana na bibi harusi wanatoka wapi, na hapo utapata jina la kijiji au la mwami. Kwenye ubatizo wa mtu mzima pia. Ukishapata huyo mwami, ndio unaenda kijijini na swali lililonyooka, badala ya kwenda kuuliza Kabare nzima.

---

Dada_Kadutu

Kesho naenda kuomba. Wanakubali kufungua vitabu vya zamani hivi hivi?

---

Mama_Nyawera, Bukavu

Mwanangu, nenda kwa upole, siku ya kazi, si jumapili. Chukua majina na miaka umeandika kwenye kikaratasi ili sekretere wa parokia asihangaike, na kama unajua majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandike pia, ju Maria walikuwa wengi. Mimi hivyo njo nilimpata mama yangu. Na wewe usikiguse kile kitabu, yale makaratasi yanapasuka, mwache sekretere afunue mwenyewe.

---

Kaka_wa_Kamalondo, Lubumbashi

Mama amesema kweli. Na kwa waliofanya kazi migodini huku, kampuni nazo ziliandika mahali mtu alikotolewa, teritware na chifu. Wazee wengi wa Maniema na Kasai waliletwa hivyo kwenye migodi ya Katanga. Mwenye kitabu cha kazi cha babu asikitupe, hata kama kurasa zimeliwa na mchwa.

Mleta uzi, swali: ukiona "Lowa" kama distrikti, hiyo ni wapi? Ninayo kwenye karatasi ya 1919.

---

Mtoto_wa_Birere

Lowa ni mto, unashuka tokea milima ya Masisi unapita Walikale unaenda kuingia Lualaba. Na kulikuwa na distrikti yenye jina hilo kwenye Province Orientale ya zamani, kabla ya mpango wa 1933. Kwa hiyo mtu wako anaweza kuwa wa msituni upande wa Walikale na kushuka. Nipe jina la chifu kama limeandikwa, hata nusu yake.

---

Kaka_wa_Kamalondo, Lubumbashi

Chifu haonekani, karatasi imelowa hapo. Limebaki neno moja la mwisho linaanza na "Wania..." halafu doa.

---

Mwalimu_Kiwanja

Wanianga! Hiyo ni Walikale, sekta ya Wanianga ya leo. Mwaka 1919 haikuwa sekta bado, lakini watu ni wale wale na eneo ni lile.

---

Kaka_wa_Kamalondo, Lubumbashi

Bandugu. Familia yetu tumesema miaka yote sisi tumetoka Kisangani, kwa sababu juu imeandikwa Province Orientale, Stanleyville. Namwandikia mama sasa hivi.

---

Mtoto_wa_Birere

Mwandikie, na muulize kama kuna mtu nyumbani anayekumbuka neno lolote la Kinyanga, salamu, jina la chakula, jina la mtoto wa kwanza, lolote. Ukirudi na jibu tutatafuta grupema.

Wengine endeleeni kuleta mistari. Nataka sana watu wa Fizi na Shabunda, bado hakuna aliyeleta ya huko, na najua masanduku yamejaa.